BOTI ZA DORIA NA ULINZI WA PWANI

Katika makala haya nataka kueleza habari za boti za doria ziendazo mbio, yaani vile vyombo vidogo vya askari vinavyolinda bahari ya karibu na nchi kavu dhidi ya magaidi, maharamia na watu wa magendo. Nimechagua jambo hili kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema kuwa dawa ya hatari za baharini ni moja tu: Serikali inunue boti zenye mbio zaidi. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Nitajaribu kuonyesha boti hizi ni kitu gani, zinafanyaje kazi, na kwa nini boti yenye mbio kuliko zote haifai kitu ikiwa hakuna mtu wa kuiambia iende wapi.

Kwanza yafaa tujue bahari ilindwayo ni ipi. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari uliotiwa sahihi mwaka 1982, nchi yenye pwani inamiliki maji yafikayo maili 12 za bahari kutoka ufuoni. Maili moja ya bahari ni mita 1,852, kwa hiyo maili 12 ni kama kilomita 22. Zaidi ya hapo, hadi maili 200, nchi ina haki ya samaki na mali nyingine za baharini, lakini meli za mataifa yote zina ruhusa ya kupita. Meli kubwa za vita hufanya kazi mbali, katika maji marefu. Boti za doria ninazozieleza hapa kazi yake kubwa ni ndani ya zile maili 12, penye visiwa, miamba, vijito vya mikoko na mamia ya vyombo vya wavuvi.

Mfano mzuri ni boti za Walinzi wa Pwani wa India. Boti hizo zina urefu wa karibu mita 28, na huenda mbio hadi maili 45 za bahari kwa saa, yaani kilomita 83 kwa saa. Mwendo huo ni wa motokaa katika barabara kuu. Boti ya namna hiyo ikitoka ufuoni yaweza kufika kwenye mpaka wa maili 12 kwa dakika 16 tu. Chombo kiendacho maili 12 kwa saa kingehitaji saa nzima.

Mbio hizi zinapatikanaje? Adui wa kwanza wa mbio ni maji yenyewe. Jahazi au meli ya kawaida inakata maji na kuyasukuma pembeni, na kadiri inavyoongeza mwendo ndivyo inavyojijengea wimbi mbele ya omo na kulazimika kulipanda, kama mtu apandaye kilima kisichokwisha. Boti ya doria imeumbwa kwa namna nyingine. Ikipata nguvu ya kutosha huinuka, ikateleza juu ya maji badala ya kuzama ndani yake, na sehemu inayogusana na maji hupungua sana. Wale waliopata kurusha kijiwe bapa juu ya maji matulivu kikaruka mara tatu au nne wamekwisha kuona jambo hili kwa macho yao. Ili boti iweze kuinuka ni lazima iwe nyepesi, na kwa sababu hiyo boti nyingi za aina hii hujengwa kwa aluminiamu au faiba. Chini huwa na umbo la pembe kali mfano wa herufi V, ili ipasue mawimbi badala ya kuyapiga kwa kifua.

Boti nyingi za doria hazitumii rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka chini ya maji. Badala yake zina mashine inayofyonza maji kutoka chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na boti inasukumwa mbele kwa kani iliyo sawa na ile inayoyarusha maji. Hii ndiyo kanuni ya tatu ya Newton tuliyofundishwa darasani. Faida yake ni kubwa kwa pwani yenye miamba. Hakuna kitu kirefu kinachoning'inia chini ambacho chaweza kuvunjika juu ya jiwe au kunaswa na nyavu, kwa hiyo boti huweza kuingia katika maji haba. Zaidi ya hayo, nahodha aweza kuugeuza ule mkondo wa maji uelekee mbele, boti ikapunguza mwendo na kusimama upesi.

Lakini mbio zina gharama yake. Kuongeza mwendo mara mbili kwa kawaida huhitaji nguvu ya mashine zaidi ya mara mbili, na nguvu hiyo hutoka katika mafuta. Kwa sababu boti ni ndogo, haichukui mafuta mengi wala chakula cha siku nyingi, hivyo haiwezi kukaa baharini kwa muda mrefu kama meli. Kusi ikichafuka, mawimbi hupunguza mbio zake nusu kwa nusu au kuilazimisha irudi bandarini. Na askari waliomo hupigwapigwa kila boti inaposhuka kutoka juu ya wimbi, hata mgongo na magoti yakaumia. Ndiyo maana boti za siku hizi hutiwa viti vyenye springi. Basi hakuna boti inayozunguka usiku kucha kwa mwendo wake wote. Mara nyingi hungoja, au huenda polepole, ikiweka mbio zake akiba mpaka zitakapohitajiwa.

Sasa tuje kwenye magaidi. Kwa nini watumie chombo kidogo? Jibu ni kwamba chombo kidogo hakimshangazi mtu. Tarehe 12 Oktoba 2000, meli ya vita ya Marekani iitwayo USS Cole ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Aden, ikijazwa mafuta. Watu wawili wakaisogelea kwa boti ndogo iliyojaa baruti, wakajilipua ubavuni mwake. Mabaharia 17 waliuawa. Meli ile ilikuwa na mizinga na makombora ya kupiga mbali sana, lakini haikuweza kupambanua boti ile mbaya miongoni mwa vyombo vya kawaida vya bandarini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye udhaifu mkubwa wa boti ya doria: ina miguu, lakini haina macho mazuri. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mtu ambaye macho yake yako mita 3 juu ya maji huona upeo wa bahari ulio mbali kama kilomita 6 tu. Akipanda mlingoti wa mita 12, upeo wake huwa kama kilomita 12. Rada husaidia, lakini rada hupeleka mawimbi ya redio na kungoja yarudi. Meli ya chuma huyarudisha vizuri. Mashua ya mbao iliyo chini, katikati ya mawimbi ya bahari, huyarudisha kidogo sana, hata alama yake ikapotea miongoni mwa alama za mawimbi. Tena, hata rada ikiiona mashua, haiwezi kusema kama waliomo ni wavuvi au ni wauaji. Meli kubwa za safari za kimataifa zinalazimishwa kuchukua chombo cha kutangaza jina lao na mahali zilipo. Mvuvi mwenye dau hana chombo hicho.

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, natoa hesabu fupi. Tuseme boti ya wahalifu yakimbia kwa maili 25 kwa saa, na boti ya doria iko maili 10 nyuma yake, ikienda maili 45 kwa saa. Kila saa boti ya doria inapunguza maili 20 za nafasi iliyo baina yao, kwa hiyo itawafikia baada ya dakika 30. Lakini kama mikoko ya kujifichia iko mbele ya wahalifu kwa mwendo wa dakika 24, watakuwa wamekwisha kutoweka dakika 6 kabla. Basi tuwape askari boti bora zaidi, yenye maili 50 kwa saa. Itahitaji dakika 24, na itawafikia pale pale kwenye mlango wa mikoko, kama Mungu akijalia. Sasa tuwarudishie boti yao ya kwanza ya maili 45, ila tuwape habari dakika 10 mapema. Wakati huo wahalifu hawajafika mbali: nafasi iliyo baina yao ni kama maili 6 tu. Boti ya doria itawafikia kwa muda usiozidi dakika 18, na mikoko bado iko mbali kwa zaidi ya robo saa. Kumbe dakika 10 za habari zimeshinda maili 5 za mbio, nazo hazikugharimu lita moja ya mafuta.

Jambo hili si hesabu ya ubaoni tu. Limekwisha kutokea, tena katika bahari hii hii yetu, upande wa pili, ambako pepo za kaskazi na kusi zilipeleka majahazi ya babu zetu. Mwaka 1993 baruti kali ziliteremshwa kwa siri kutoka baharini katika pwani ya Maharashtra, India. Tarehe 12 Machi mwaka ule mabomu yalilipuka katika mji wa Bombay, ambao sasa huitwa Mumbai, na watu 257 wakafa. Baada ya msiba huo Serikali ya India ilianzisha doria ya pamoja ya wanamaji, walinzi wa pwani na polisi katika pwani za Maharashtra na Gujarat. Doria hiyo ilidumu miaka mingi.

Hata hivyo, mwezi Novemba 2008 watu kumi wenye silaha waliondoka Karachi, Pakistan, kwa njia ya bahari. Baharini waliiteka mashua ya wavuvi wa India iliyoitwa Kuber. Wavuvi wanne waliuawa, na nahodha akaachwa hai ili awaongoze. Walipoukaribia Mumbai wakamwua naye, kisha wakaingia katika boti ya mpira yenye mashine. Usiku wa tarehe 26 Novemba wakateremka ufuoni penye kijiji cha wavuvi, katikati ya mji mkubwa. Mashambulizi yao yaliendelea hadi tarehe 29, katika mahoteli, stesheni ya reli na mahali pengine, na watu 166 waliuawa.

Tuangalie vizuri jinsi walivyopita. Hawakuzishinda boti za doria kwa mbio, wala hawakupigana nazo. Walipita ndani ya chombo cha uvuvi cha nchi ile ile, kilichofanana na maelfu ya vyombo vingine. Watu wa kwanza kuwashuku walikuwa wavuvi. Inasimuliwa kwamba walipoteremka, wavuvi wa pale ufuoni waliwauliza ni akina nani, wakajibiwa kuwa wasijiingize katika mambo yasiyowahusu. Yasemwa pia kuwa wavuvi wale walipeleka habari polisi, lakini habari yao haikutiliwa maanani vya kutosha. Macho yalikuwapo, na miguu ilikuwapo, ila kamba ya kuviunganisha ilikuwa imekatika.

India ilijifunza kwa machungu. Mwaka 2009 jeshi lake la majini lilipewa madaraka ya juu ya ulinzi wote wa bahari, na walinzi wa pwani wakapewa ulinzi wa maji yaliyo karibu. Kikosi kipya cha watu 1,000 kiliundwa na kuahidiwa boti 80 ziendazo mbio. Lakini mambo hayakuishia kwenye boti. Vituo 46 vya rada vilijengwa kandokando ya pwani na visiwani katika awamu ya kwanza. Wavuvi waliandikishwa na kupewa vitambulisho, na vyombo vyao vikapakwa rangi maalum kwa kila jimbo, ili askari aweze kujua kwa mbali chombo kimetoka wapi. Namba za simu zisizolipiwa ziliwekwa ili mvuvi atoe habari au aombe msaada. Na walinzi wa pwani hufanya mikutano na wavuvi vijijini, wakiwafundisha na kuwasikiliza. Pwani ya India ina urefu wa zaidi ya kilomita 7,000. Hakuna idadi ya boti iwezayo kuijaza pwani hiyo, bali wavuvi wamo humo kila siku.

Sisi nasi tunayo haja ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 2011 pwani yetu ya Lamu ilishambuliwa mara mbili kwa njia ya bahari. Mwezi Septemba watu wenye silaha walivamia hoteli moja huko Kiwayu, wakamwua mgeni mmoja na kumteka mkewe. Tarehe 1 Oktoba mgeni mwingine alitekwa katika kisiwa cha Manda. Wote wawili walichukuliwa kwa boti na kupelekwa Somalia. Kutoka Kiwayu hadi mpakani si mbali, na msomaji aweza kurudia ile hesabu ya dakika mwenyewe. Utalii wa Lamu ulianguka, na vijana wengi wakakosa kazi.

Baada ya matukio hayo uvuvi wa usiku ulikatazwa Lamu, na katazo hilo likadumu miaka kadhaa kabla ya kuondolewa. Nia yake ilieleweka: kama hakuna mvuvi baharini usiku, basi kila chombo kinachoonekana usiku ni cha kushukiwa. Kwa askari mwenye rada hii ni rahisi sana. Lakini tufikiri na upande wa pili. Samaki wengi hunaswa usiku, kwa kuwa hawauoni wavu. Mvuvi aliyekatazwa usiku alikatwa sehemu kubwa ya riziki yake, na watoto wake wakakosa karo. Tena bahari ya usiku ilibaki bila shahidi. Mimi naona kuwa kumwondoa mvuvi baharini ni sawa na kuzima taa zote za mtaa ili mwizi aonekane kwa kurunzi ya askari mmoja.

Mwaka 2018 nchi yetu ilipata sheria ya kuunda Huduma ya Walinzi wa Pwani, ambayo ilizinduliwa rasmi mwezi Novemba mwaka huo huko Liwatoni, Mombasa. Kazi zake si kupambana na magaidi tu. Ni pamoja na kuzuia uvuvi wa haramu, magendo na uchafuzi wa bahari, na kuwatafuta na kuwaokoa waliopatwa na ajali. Naona jambo hili ni la busara kuliko linavyoonekana. Askari aliyekuja kumwokoa mvuvi ambaye mashine yake imekufa usiku, au aliyeifukuza meli ya kigeni inayoiba samaki, amejipatia rafiki ambaye kesho atampigia simu akiona boti asiyoijua. Lakini askari ambaye mvuvi humjua kwa kupekuliwa na kutukanwa tu hatapata habari, hata akipewa boti ya maili 100 kwa saa.

Wako wanaopinga wakisema: "Wavuvi wenyewe ndio wanaobeba magendo. Utawaaminije?" Sikatai kuwa wamo wabaya. Katika kila kazi wamo. Lakini watu wa Kuber waliouawa walikuwa wavuvi, nao ndio walikuwa wa kwanza kufa katika msiba ule. Mvuvi ana sababu kuliko mtu mwingine yeyote ya kutaka bahari yenye amani, kwa kuwa yeye hulala humo. Pia kuna njia ya kupunguza udanganyifu. Tangu mwaka 2007 ziko kanuni za kamati za usimamizi wa fuo, ambazo huwaandikisha wavuvi na vyombo vyao katika kila bandari ndogo. Wanakamati wanajua dau hili ni la nani na lilitoka saa ngapi. Wakishirikishwa kwa heshima, watakuwa macho yasiyohitaji mshahara mkubwa wala mafuta.

Haya yote hayana maana kuwa boti za mbio hazifai. Habari ikifika na hakuna boti ya kwenda, mwenye kutoa habari atavunjika moyo na hatapiga simu tena. Boti ni lazima ziwepo, ziwe zima, ziwe na mafuta tangini na mabaharia waliofunzwa, na ziwekwe karibu na mahali pa hatari. Ninalosema ni kwamba boti ni nusu ya ulinzi, na nusu ya pili ni watu. Wahenga walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenzangu tunaomaliza Kidato cha Nne, baadhi yetu tutaingia katika vikosi vya ulinzi, wengine tutakuwa wahandisi na mafundi wa mashine, na wengine tutarudi kwenye madau ya wazee wetu. Atakayepewa usukani wa boti ya doria na akumbuke kumwamkia mzee aliye kwenye dau kabla ya kumwuliza kitambulisho. Naye atakayekuwa kwenye dau na asione haya kuinua simu anapoona chombo kigeni kikipita bila taa. Wazazi wetu nao wawafundishe wadogo zetu kuwa kutoa habari ya kweli si uchongezi. Hapo ndipo zile dakika 10 zitakapopatikana.

Kidato cha Nne